Kofia ya Mfanyakazi na Kofia ya Mkubwa



Leo nataka kusema juu ya kofia. Najua wapo watakaocheka. Watasema mishahara haitoshi, vibarua wanakaa miaka bila mkataba, na huyu anatuletea habari ya kofia. Naomba mnivumilie mpaka mwisho. Mimi si msomi, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimezunguka viwandani na kwenye majengo miaka mingi, na nimeona kwamba dharau ya kazini mara nyingi huanza na kitu kidogo. Mtu akishazoea kudharauliwa kwa kitu kidogo, hata kikubwa kikija hana sauti tena.

Miezi michache iliyopita niliitwa katika kiwanda kimoja hapa mashariki ya Uganda. Mama mmoja wa idara ya kufungasha bidhaa alikuwa amerudishwa nyumbani siku 3 bila mshahara. Kosa lake ni kuvaa kofia ya sufu ndani ya jengo. Msimamizi alimwamuru aivue, akakataa. Akaamriwa mara ya pili mbele ya wenzake wote, akakataa huku machozi yanamtoka. Ikaandikwa barua kwamba amekaidi amri halali ya mkubwa wake wa kazi.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwona. Ndipo nikajua. Mama yule alikuwa ametibiwa saratani, na dawa zile zilimpukutisha nywele zote. Hakutaka kulisema jambo hilo mbele ya watu, kwa kuwa ugonjwa wa mtu ni siri yake. Msimamizi naye hakumwita pembeni kumwuliza. Alichojua yeye ni kwamba tangazo limebandikwa mlangoni: ni marufuku kuvaa kofia ndani.

Siku ya kikao tulikwenda watu 3 wa chama. Mlangoni tukalisoma tangazo lile, tukavua kofia zetu, tukaketi tumezipakata magotini kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu. Baadaye kidogo akaingia meneja. Alikuwa na kofia pana nzuri kichwani. Aliketi nayo, akazungumza nayo muda wa saa nzima, akatuaga nayo. Katika saa hiyo alitufundisha kwamba kofia ndani ya nyumba ni utovu wa adabu.

Sikusema neno juu ya kofia yake siku ile. Nilitaka kwanza yule mama arudi kazini. Alirudi, na alilipwa siku 2 kati ya zile 3. Siku ya tatu bado tunaidai. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: adabu hii ya kofia ni ya nani, na imetoka wapi?

Wazee wetu wanaijua asili yake. Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la mzungu upande wa Kenya, zama zile ambapo Mwafrika alipachikwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Alituambia kwamba ukimwona bwana shamba anakuja, hata akiwa mbali, kofia ilikuwa lazima itoke kichwani. Jua liwe kali, mvua iwe inanyesha, kofia mkononi mpaka bwana apite. Bwana mwenyewe hakugusa yake. Heshima ilikuwa inapanda tu, haishuki.

Na serikali ile ile ya kikoloni ilikuwa na watu wengine iliowavalisha kofia kwa amri. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walipewa tarbushi kuwa sehemu ya sare yao. Askari akimwona ofisa havui kofia. Anabaki nayo kichwani na kupiga saluti. Basi kumbe hata kwa Mwingereza heshima ilikuwa na namna mbili. Askari aliheshimu akiwa amevaa, kibarua akaambiwa ataheshimu akiwa amevua. Katika jambo kama hili kofia haina kosa. Kilichotakiwa ni kila mtu ajue amewekwa daraja gani.

Wenzetu wa pwani wana historia kali kuliko hiyo. Unguja, wakati wa utumwa, kufunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa alama za muungwana. Mtumwa alikwenda kichwa wazi, miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, watu waliotoka utumwani walikimbilia nini? Wanaume walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakaanza kujifunika kama waungwana. Kofia ile haikuwa pambo tu. Mtu alikuwa anatangaza barabarani, bila kufungua mdomo, kwamba yeye sasa ni mtu kama watu. Kwa hiyo ndugu, ukimwona mzee wa Kiswahili amekasirika kwa kuambiwa avue kofia yake, usiseme ni mkaidi. Waliomtangulia waliingojea kofia hiyo muda mrefu.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Uingereza, mwaka 1670, William Penn na mwenzake William Mead walishtakiwa mjini London kwa kuhubiri barabarani. Hao walikuwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki, yaani Makwekeri, ambao wenzetu wa Kaimosi upande wa Kenya wanawafahamu tangu misheni ilipofunguliwa kule mwaka 1902. Makwekeri wa zamani walikataa kumvulia kofia binadamu yeyote, awe tajiri au hakimu. Walisema kofia huvuliwa mbele ya Mungu wakati wa sala. Siku ya kesi, walipokuwa wanaingia mahakamani, kofia zao zilikuwa zimekwisha kutolewa vichwani. Wakubwa wa mahakama wakaamuru wavalishwe tena. Zilipokwisha rudi vichwani, wakatozwa faini kwa kuvaa kofia mbele ya mahakama!

Someni tena hapo, ndugu. Mtu anavalishwa kofia ili apate kuadhibiwa kwa kuivaa. Mimi nimefanya kazi ya chama muda wa kutosha kujua kwamba waajiri wa namna hiyo hawakufa wote. Lakini kesi ile ilikuwa na mwisho mzuri. Wazee wa baraza 12 walikataa kuwatia hatiani wale wawili. Walifungiwa ndani bila chakula, wakatishwa, wakatozwa faini nao, na bado hawakubadili neno. Mmoja wao, Edward Bushell, akakataa kulipa, akaenda jela, na kesi yake ndiyo iliyoweka sheria kwamba mzee wa baraza haadhibiwi kwa uamuzi wake. Hayo ndiyo matunda ya watu 12 kushikamana.

Na huko huko Uingereza, mwaka 1892, Keir Hardie aliingia Bungeni. Huyu alianza kazi ya migodini akiwa mtoto wa miaka kama 10, baadaye akawa kiongozi wa wachimba makaa, na ni katika waasisi wa chama cha Labour. Siku zile wabunge walivaa koti refu na kofia ndefu nyeusi ya hariri. Yeye akaja na suti ya kawaida na kofia ya kitambaa, na magazeti ya mabwana yakamsema sana. Wafanyakazi walielewa. Mtu wao alikuwa ameingia katika nyumba ile kubwa bila kuona haya kwa alikotoka.

Sasa tutazame wakubwa wetu wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki, lakini mara nyingi alionekana na baraghashia, na hakuna aliyemwambia amekosea. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa na kofia yake ya shanga. Mobutu wa Zaire alikuwa na ya ngozi ya chui, ndani na nje. Hapa kwetu Rais Yoweri Museveni tumemzoea na kofia yake pana hata ukumbini. Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini ni vigumu kumtambua bila kofia nyeusi, mtindo alioanza nao baada ya Rais George W. Bush wa Marekani kumzawadia moja mwaka 2006. Huvaa kofia hiyo katika mikutano, ndani ya majumba, mbele ya wageni wa kila nchi.

Siwalaumu. Nawataja ili tuone jambo moja tu. Ikiwa kofia ndani ya nyumba ni utovu wa adabu, basi ni kwa wote. Ikiwa si utovu wa adabu kwa mkubwa, basi si utovu wa adabu kwa mama wa idara ya kufungasha. Haiwezekani kofia moja iwe fahari kichwani mwa mmoja na ujeuri kichwani mwa mwingine.

Nataka nisemwe vizuri hapa, maana wapo vijana watakaosoma haya na kesho waingie ofisini na kofia imepinda sikioni, mikono mfukoni, waseme katibu ameruhusu. La, sikusema hivyo. Wahenga walisema heshima si utumwa. Kumvulia mzee kofia ni jambo jema. Kuvua kofia msibani, jeneza linapopita, ni utu. Wimbo wa taifa ukiimbwa, mwanamume ambaye dini yake haimzuii na avue, asimame wima. Mkristo mwanamume anaingia kanisani kichwa wazi, na Mwislamu anakwenda msikitini na kofia yake lakini viatu ameacha nje. Kila mmoja kati ya hao anamheshimu Mungu wake. Mmoja amevua cha juu, mwingine amevua cha chini. Mjinga ni yule anayesimama mlangoni na kuwalazimisha wote wawe namna moja.

Na mtu ana sababu nyingi za kufunika kichwa. Wapo wanaofunika kwa dini, kama Waislamu na masista. Wapo Masingasinga na vilemba vyao, watu ambao mafundi wao wa zamani walikuwa miongoni mwa waliojenga reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Wapo wanaofunika kwa ugonjwa, kama yule mama. Wapo wenzetu wenye ualbino, ambao jua ni adui wa ngozi yao, na kofia pana kwao ni dawa. Wapo wakata miwa na wachuma chai wanaoshinda juani. Yupo mwanamke karibu na mashine, ambaye nywele zikiachwa wazi zinaweza kunaswa. Wapo wa viwanda vya chakula, ambao wasipofunika nywele, nywele zitakwenda kwenye mkate wa mtu. Msimamizi anayepiga marufuku kofia bila kuuliza sababu, amepiga marufuku mambo yote hayo kwa kalamu moja.

Sasa niungame. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa msimamizi wa namna hiyo.

Ilikuwa miaka kama 20 iliyopita. Nilikuwa kijana, katibu mpya wa tawi la wafanyakazi wa ujenzi, na cheo kilikuwa kimenikaa kichwani kuliko kofia. Katika mkutano wa tawi mzee mmoja fundi aliketi nyuma na kofia yake kuukuu ya kitambaa. Nikamwita mbele ya watu. Nikasema, "Mzee, hapa ni ukumbini, vua kofia, tuheshimu kikao." Ukumbi ukanyamaza. Mzee akaivua polepole. Kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini palikuwa na kovu pana, na mfupa umebonyea chini yake.

Akaniambia bila hasira, "Mwanangu, niliwahi kuvua kofia kwa heshima. Hiki ndicho nilicholipwa."

Akatueleza. Alikuwa kwenye jengo, ghorofa inapandishwa. Mwenye kazi akaja kutazama na wageni wake. Mzee alikuwa na helmeti kichwani. Kama alivyofundishwa tangu utoto, alipomwona mkubwa akaivua, akaishika kifuani, akainamisha kichwa kusalimu. Kipande cha tofali kikaanguka kutoka jukwaani juu. Alipotoka hospitali alikuta barua mbili. Moja ilisema pole. Ya pili ilimwonya kwa kutovaa kifaa cha usalama kazini.

Nilikosa pa kuuficha uso wangu. Nilimwomba radhi mbele ya mkutano, akanisamehe, akavaa kofia yake akaketi. Kupotea njia ndiko kujua njia. Tangu siku ile sijamwambia mtu avue kofia kabla ya kujua kwa nini ameivaa.

Kwa hiyo nasema kwa nguvu zangu zote: helmeti haivuliwi kumsalimu mtu. Akija mkurugenzi, akija waziri, akija hata Rais, wewe uliye chini ya jukwaa salimia na helmeti yako kichwani. Yeye ndiye atafutiwe ya kuvaa kabla hajavuka kamba. Mkubwa anayepita kwenye jengo bila helmeti haonyeshi ukubwa, anawafundisha vijana kufa.

Helmeti hiyo si zawadi ya mwajiri. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote. Mkataba namba 167 wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi, unarudia hayo hayo juu ya vifaa vya kujikinga. Basi mahali ambapo kibarua anakatwa mshahara kwa ajili ya helmeti, au watu 10 wanapewa helmeti 4 wapokezane, mtuite. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na kwa sababu ya ulemavu pia. Mwajiri anayetunga kanuni ya kofia akumbuke kwamba juu ya kanuni yake ipo sheria ya nchi.

Nimeongea na wenzangu wa tawi, na tumekubaliana kupeleka mapendekezo haya katika majadiliano yetu na waajiri. Nayaweka hapa ili matawi mengine, na vyama vya nchi jirani, viyatazame na kuyasahihisha.

Kwanza, kanuni yoyote ya mavazi ya kichwa iandikwe pamoja na sababu yake. Sababu ikiwa ni usafi, isemwe ni usafi. Ikiwa ni usalama, isemwe. Kanuni isiyoweza kuandikiwa sababu ifutwe.

Pili, kanuni imhusu kila anayeingia mlango ule, kuanzia mfagiaji mpaka mwenye kiwanda.

Tatu, aliyefunika kichwa kwa dini au kwa ugonjwa asiguswe. Akihitaji kuulizwa, aulizwe faraghani, kwa adabu, na mwanamke aulizwe na mwanamke.

Nne, mlinzi wa geti au wa benki akitaka kuuona uso wa mtu, na auone. Hiyo ni kazi yake, tusigombane naye. Lakini amwombe mwenye gari kama anavyomwomba mwenye miguu.

Tano, sisi wenyewe tuwe na adabu. Kofia yenye vumbi la saruji au mafuta ya mashine tusiingie nayo mahali pa kula. Katika mikutano yetu ya chama, anayetaka kuvua avue, anayetaka kuvaa avae, na mwenyekiti asihesabu kofia bali ahesabu hoja.

Sita, hakuna mfanyakazi atakayekatwa mshahara kwa ajili ya kofia. Aonywe kwanza, na mwakilishi wake awepo.

Wapo watakaosema haya ni madogo. Yule mama aliyerudishwa nyumbani hakuyaona madogo. Mshahara wa siku 3 kwake ni dawa, ni nauli ya hospitali, ni unga wa watoto. Na kuliko mshahara, ni ule wakati aliosimama mbele ya wenzake wote, akichagua kati ya kazi yake na siri ya mwili wake. Wenzake waliokuwa pale hawakusema kitu. Mmoja aliniambia, "Katibu, tulidhani ni haki yake msimamizi." Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Kipande kimetoka shingoni, lakini bado tunadhani kichwa chetu ni mali ya mkubwa.

Ndugu zangu, cheo ni dhamana. Anayetuongoza kwa haki tutamvulia kofia kwa hiari yetu, na atajua kwamba imetoka moyoni. Anayetulazimisha atapata kofia mkononi, lakini heshima hataipata.

Juma lijalo tunarudi kwenye kiwanda kile kwa kikao cha pili. Tutabisha hodi, tutasalimu vizuri, tutavua kofia zetu kama tangazo linavyosema. Kisha nitamwomba meneja, kwa adabu zote, alisome tangazo lake kwa sauti. Akimaliza, tutaanza na ile siku ya tatu.

Umoja ni nguvu.